Kamera Iliyobebwa kama Taa

Mume wangu Félicien hana sura ya kukumbukwa, na nasema hivyo nikimpenda. Ukikutana naye sokoni asubuhi, jioni ukiulizwa kama umemwona utasema hapana, na hutakuwa umedanganya. Watu wa Bigo, mtaa wetu hapa Bunia, wameoa na kuolewa mbele yake, wamezika wazazi wao mbele yake, na bado wengine wanamwita "yule baba wa kamera" kwa sababu jina limewatoka. Yeye hakasiriki. Mimi ndiye ninayekasirika kwa niaba yake, na kazi hiyo naiweza vizuri.

Alikuja kutoka Butembo kabla ya vita, na kamera ndogo ya video aliyonunuliwa na kaka yake Kampala. Mimi Kaswera nilifuata nyuma na sufuria ya kukaangia maandazi. Tulipanga kwamba sufuria ingetulisha na kamera ingetupa heshima, na mpaka leo mpango huo haujabadilika sana. Mei ya mwaka 2003, risasi zilipoingia hadi katikati ya mji, tulikimbia kwa miguu kuelekea Beni pamoja na nusu ya Bunia. Nilikuwa na mtoto wetu Aimé mgongoni na unga kichwani. Félicien alibeba kamera ndani ya gunia la makaa, akaliacha godoro letu jipya. Tuliporudi, askari wa kigeni walikuwa wamekwisha kushika mji na kukataza bunduki barabarani. Nyumba yetu ilikuwa imekombwa hadi misumari ya ukutani. Kamera ilikuwa nzima. Tulilala mkekani, na kila nilipogeuka ubavu nilimkumbusha habari za godoro.

Baada ya hapo watu walianza kuoana. Sijapata kuona harusi nyingi namna ile. Waliokuwa wakisubiri waliacha kusubiri, na waliokuwa wakichagua waliacha kuchagua. Na wote walitaka kaseti, maana kila ukoo ulikuwa umetawanyika: huyu Beni, yule Kampala, mwingine upande wa pili wa njia isiyopitika. Kwa kaseti ulimwambia aliye mbali kwamba tuko hai na bado tunapika wali wa sherehe.

Lakini Félicien hakuzipenda picha zake mwenyewe. Akitembea kumfuata bibi arusi, nyumba ziliruka, miti iliruka, na mchungaji aliruka na Biblia yake. Ukitazama kwa muda ulisikia kichefuchefu. Jambo la pili lilimuudhi zaidi. Watu wakiona kamera wanabadilika. Anayelia kweli analia vingine, anatafuta upande mzuri wa uso. Anayekula anaacha kula na kuketi wima. Wazee wanaongeza hotuba. "Minapiga picha ya kamera," aliniambia, "sipigi picha ya batu." Nilimwambia alale.

Chombo chake cha kwanza cha kuituliza kamera alikitengeneza kwa bomba la baiskeli. Lilikaa begani: mbele kamera, nyuma kipande cha chuma cha kusawazisha uzito. Picha zilitulia, siwezi kukataa. Alikichukua siku ya harusi fulani, akajificha nyuma ya kwaya ili asisumbue mtu, na watu walipoketi akajitokeza polepole kati ya waimbaji, bomba begani, mdomo wa bomba ukigeuka kuwaelekea.

Mama mmoja alisema "Yesu!" tu. Kanisa zima likalala chini. Nilikuwepo, na mimi nililala, ingawa lile bomba nililijua, lilikuwa limeshinda wiki nzima jikoni kwangu. Mwaka ule mwili ulikuwa umejifunza kulala kwanza na kuuliza baadaye. Mchungaji alipotelea nyuma ya meza ya Bwana. Bwana arusi alimfunika bibi arusi kwa suti yake nyeupe. Na Félicien, alipoona watu wote wamelala, alidhani kuna hatari mgongoni kwake, naye akalala pamoja na bomba lake. Tukakaa hivyo, tukisubiri mlio. Hatimaye sauti ya mtoto ikasema, "Ni kamera." Mchungaji aliinuka, akapangusa magoti, akaendelea na sentensi ile ile aliyokuwa ameiacha. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Tulianza kucheka baadaye, polepole, na wengine hawajaanza mpaka leo.

Félicien hakutoka nyumbani siku kadhaa. Alikaa uani akilitazama bomba. Mimi nilikuwa nakaanga, nikachoka kumwona.

"Baba Aimé," nikamwambia, "batu banajua kamera juu mutu anaiwekaka ku jicho. Ukiitosha ku jicho, ukiishusha chini, nani atasema ni kamera?"

Nilisema tu ili aondoke njiani mwa sufuria. Yeye akaliona neno lile kuwa kubwa. Alikata bomba, akabakiza kipande kifupi cha kushikia mkononi. Chini yake alifunga kile kichuma cha mviringo chenye gololi ndani, kinachozungusha gurudumu la baiskeli. Chini ya hicho akaning'iniza kamera, na chini kabisa ya kamera kopo la maziwa lenye mchanga. Mkono ukitetemeka, gololi zinakubali kutetemeka, lakini kopo zito linakataa, na kamera inabaki na kopo. Aliongeza na kupunguza mchanga kwa kijiko changu cha chumvi mpaka kitu chote kikatulia. Alikibeba mkono ukiwa chini, kama mtu anayebeba taa ya mafuta kwenda chooni. Akaziba kwa gundi kile kitaa chekundu cha mbele, akakifunika chombo chote kwa mfuko alioshona kutoka kitenge changu cheusi, bila kuniomba, ukabaki uwazi mdogo wa jicho la kamera. Kioo kidogo cha pembeni, kile kinachoonyesha picha, alikichungulia kutoka juu kupitia mdomo wa mfuko, kama anatazama viatu vyake.

Ikabaki miguu. Akitembea kwa visigino, hata kopo lilishindwa. Nilimwonyesha wanawake wanaopanda kutoka mtoni na beseni la maji kichwani, maji hayamwagiki. Siri iko magotini, yasikaze. Basi akajifunza. Mwanaume mzima, baba wa mtoto, alizunguka uani na beseni la maji kichwani, na majirani wakaja kuegemea ua. "Baba Aimé, utatuletea na siye?" walimuuliza. Aliloa, akaendelea, akaacha kuloa. Tangu hapo akaweza kupita katikati ya sherehe na usijue kama ni mtu wa ukoo, mgeni aliyekosa kiti, au baba anayetafuta mahali pa kuweka kitu alichobeba.

Hivyo ndivyo alivyokuwa siku Mama Geneviève alipoingia uani kwetu. Geneviève aliishi nyumba chache kutoka kwetu, na binti yake Jemima alikuwa karibu kuolewa. Alikuja na Assani, mfanyabiashara Mwislamu mwenye asili ya Kisangani, aliyekuwa akipeleka sabuni na chumvi kwenye machimbo ya dhahabu ya Bambu. Njia ya Bambu ilikuwa na vizuizi vya hawa, halafu vya wale, na katikati mahali ambapo hakuna aliyejua ni pa nani. Assani alipita kwa sababu pande zote zilitaka chumvi na hakuna upande uliomwona kuwa mtu wa upande mwingine.

Mume wa Geneviève, Muzee Laurent, alikuwa kule. Alikwenda kuchimba kabla njia haijafungwa, ikafungwa nyuma yake. Mtu aliyekaa kule muda wote ule, akishika njia kurudi Bunia, kwenye kizuizi cha kwanza angeitwa mpelelezi. Tuliwajua waliojaribu. Hawakufika Bunia, na Bambu hawakurudi.

Assani aliketi kwenye kigoda, akavua kofia yake. "Muzee iko na roho moto," alisema. "Kule kuna batu banamuambia mambo. Banasema bwana ya Jemima ni mutu ya bunduki, na mama amemutoa mutoto juu balale bila kusumbuliwa."

"Plamedi ni mwalimu ya batoto ya primaire!" Geneviève alilia. "Hata kuku anaogopa kuchinja!"

Ilikuwa kweli. Plamedi na Jemima walikutana kambini karibu na uwanja wa ndege, katika mstari wa maji, wakati ule watu walipokimbilia huko. Alimshikia ndoo. Nani hakujua habari hiyo? Lakini ilijulikana Bigo, haikujulikana Bambu. Na mambo ambayo Laurent aliambiwa hayakuwa ndoto tu. Wako wasichana waliotolewa hivyo mwaka ule, na mama zao tunawajua na hatuwalaumu mbele yao.

"Minamuambia vile," Assani alijibu. "Anasema: barua sitaki, barua mutu anaweza kusimama nyuma yako na kukuandikisha. Maneno ya Assani sitaki, Assani anapenda amani. Nione mutoto yangu kwa macho. Kama naona anaenda na roho yake, nabariki. Kama sioni, nashika njia, nakuja kumutosha miye mwenyewe."

Geneviève alimgeukia Félicien. "Papa Félicien, kule kuna nyumba ya video, iko na groupe ya mazuti ya kutoa umeme. Assani atabeba kaseti. Unisaidie muzee yangu abakie kule."

Nilifurahi kwa kuwa kazi ilikuwa nyepesi. Binti anampenda bwana wake, mpige picha akifurahi, basi. Kisha nikaona uso wa Félicien umeanguka, na nikakumbuka. Bibi arusi hacheki. Kwetu huku, msichana anayeolewa anatazama chini toka kanisani mpaka mwisho wa chakula, midomo imefungwa, na akiweza kutoa machozi ni vizuri zaidi. Akicheka anawatukana wazazi wake, ni kama kusema alikuwa anasubiri mlango ufunguliwe. Mimi mwenyewe siku yangu nilinuna mpaka shavu likaniuma, na moyoni nilikuwa naruka. Sasa mpelekee baba mwenye wasiwasi kaseti ya binti aliyenuna siku nzima. Atafunga viatu kabla haijaisha.

"Tutamuambia atabasamu kidogo," Geneviève alisema.

"Hapana, Mama," Félicien akajibu. "Mukimuambia, atanichekea miye. Baba yake haiko natafuta kicheko ya kamera. Acha asijue kitu."

Nilishangaa. Mume wangu si mtu wa kukatalia watu. Alipotoka Geneviève nilimuuliza anategemea nini. Alisema hajui.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya mawingu, bila mvua. Kanisani Jemima aliingia akitazama sakafu. Alisema "ndiyo" kwa sauti ndogo, hata Plamedi akainama ili aisikie. Félicien alipita pembeni, akapita nyuma, akapita karibu kiasi cha kugusa nguo yake, mkono chini, macho kwenye viatu. Hakuna aliyemgeukia. Mwenye kamera kubwa wa upande wa bwana arusi alisukuma watu na kupiga kelele, na wote walimwangalia yeye. Félicien alipata kila kitu, isipokuwa kile kimoja alichotafuta.

Chakula kililiwa uani kwa Geneviève, chini ya maturubai ya bluu yaliyogawiwa na mashirika kambini. Maharusi waliketi kwenye meza yenye kitambaa cheupe kilichoshuka mpaka chini upande wa wageni. Nyuma ya Jemima alisimama shangazi yake Domitille, dada wa Laurent, mwanamke mrefu wa sala nyingi, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa moja tu. Kila midomo ya Jemima ilipolegea, vidole vya Domitille vilimfikia begani.

"Macho chini," nilimsikia akisema. "Ukicheka, batasema ulichoka na nyumba yetu."

Na Domitille hakuwa mbaya. Alikuwa akitunza heshima ya kaka yake asiyekuwepo, kwa njia pekee aliyoijua. Nilitamani kumvuta pembeni na kumweleza. Lakini angeanza kubishana, na wageni wangesikia.

Nilikuwa kati ya wanawake wa kupakua. Tulitoka jikoni kwa mstari, kila mmoja na bakuli lake, tukazunguka meza ya maharusi kwa nyuma ili tupite kwa wageni. Félicien alijiunga na mstari wetu mbele yangu, chombo chake kikining'inia mkononi, kana kwamba na yeye amepewa kitu cha kupeleka. Vijana wa kinanda walikuwa wamepiga nyimbo za huzuni tangu asubuhi. Sasa wakaanza ule mwendo wa haraka ambao mkoa wetu wa Ituri mzima unaujua, na wageni wakapiga makofi. Nilimtazama Jemima usoni. Hakuna kitu. Uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Félicien akasimama ghafla, karibu nimwagie sombe yangu ya majani ya muhogo mgongoni. Alisimama pembeni mwa meza, upande ambao kitambaa hakikufunika, magoti yamelegea, akatazama viatu vyake. Hakusogea. Nyuma yangu wanawake walianza.

"Mama Aimé, tembea basi! Siye tuko nachomeka mikono!"

"Sombe iko moto," nikajibu, "minapumuzika kidogo." Nikapanua viwiko ili wasimwone. Sikujua ameona nini. Nilijua tu kwamba mume wangu hasimami ovyo.

Nyumbani alifunga mlango ndipo akanionyesha. Tulitazama uso wa Jemima toka kanisani mpaka mezani, na moyo wangu ukashuka. Ningekuwa baba yake ningekuja hata kwa kutambaa. Kisha picha ikashuka chini ya meza, imetulia kabisa, na pale kulikuwa na miguu. Viatu vyeupe vya kuazima, vilivyombana, vilikuwa vimevuliwa na kulala ubavu. Miguu mitupu ya Jemima ilikuwa inacheza. Visigino vilipiga, vidole vilijibu, vikaenda kulia, vikarudi kushoto. Halafu mguu mmoja ukatambaa ukakipata kiatu cha Plamedi, ukapanda juu yake, ukaendelea kucheza hapo hapo juu. Kile kiatu hakikusogea hata kidogo. Kilikaa kikanyagwe.

Nililia. Sioni haya kusema.

Lakini Félicien alikuwa na hofu nyingine. Kamera ya mwanaume, chini ya meza, kwenye miguu ya binti wa mtu, siku ya harusi yake. Laurent angeweza kulichukua kama tusi, juu ya hasira aliyokuwa nayo. Na kama asingewekewa sehemu hiyo, angebaki na ule uso. Hatukuthubutu kuamua peke yetu. Tulimwita Geneviève. Alitazama akiwa amesimama, mkono mdomoni, akaomba kutazama tena.

"Uweke," alisema. "Na Jemima asijue. Hii ni ya baba yake."

Félicien alitengeneza kaseti mbili kubwa. Ya ukoo haikuwa na miguu, maana Domitille angeitisha mkutano. Ya Bambu ilikuwa nayo. Ile kanda ndogo ya ndani ya kamera aliitumia tena wiki iliyofuata kwenye matanga, kwa sababu kanda zilikuwa hazipatikani. Assani aliificha kaseti katikati ya sabuni zake, akaondoka. Geneviève aliacha kula vizuri. Alikuja kwetu kila siku kununua maandazi ambayo hakuyala, akaketi karibu na moto wangu, na tukaongea habari za bei ya mafuta ili tusiongee habari za njia.

Assani aliporudi alikuja kwetu kabla ya kwenda kwake. Geneviève alikuwa pale pale, karibu na moto. Assani, aliyejua kusimulia, akamhurumia, akaanza na mwisho.

"Amebakia, Mama. Iko kule."

Kisha akatusimulia. Mwenye nyumba ya video alikubali kuwasha groupe mchana. Wachimbaji waliposikia ni harusi ya Bunia, waliingia na matope yao, Wakristo na Waislamu, watu wa kila kabila lililowahi kutafuta dhahabu, wakajaa mpaka dirishani. Laurent aliketi mbele. Uso wa Jemima ulipotokea kanisani alisogea karibu na kioo. Ulipotokea tena mezani, na Domitille nyuma yake, aliinuka, akachukua mfuko wake ukutani. Alikuwa amekwisha kuufunga. Assani alimshika mkono, mzee akajinasua. Alikuwa mlangoni wakati wachimbaji walipoanza kupiga kelele, naye akageuka kuona wanapigia nini kelele.

"Alisimama vile," Assani alisema. "Mufuko ku bega. Akatazama. Akasema: rudisha. Bakarudisha. Akasema: rudisha tena. Akaikala chini. Akatuambia: huyu ni Jemima. Tangu iko mudogo, akiwa na furaha, uso anaweza kukuficha, miguu hawezi. Nilikuwa namugombeza ku meza. Muangalie, iko nakanyaga bwana yake mbele ya dada yangu Domitille, na Domitille haone!"

Na alicheka, Assani alisema, mpaka akakohoa. Kisha akaomba maji. Akayashika mdomoni, akasogea, akayapuliza polepole juu ya kioo cha televisheni, kama wazazi wanavyowabariki watoto wao, huku mwenye nyumba akipiga mayowe kwamba umeme utawaua wote.

Njia ilifunguka taratibu, mwaka uliofuata na zaidi. Siku moja Muzee Laurent akashuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yake, amekonda, mwenye mvi, yuko hai. Geneviève alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Jumapili yake walituita, na Félicien akabeba televisheni na mashine ya kaseti, kwa sababu mzee alitaka kuitazama harusi pamoja na binti yake. Alikuwa amerudi na kaseti yake ndani ya soksi. Jemima alikuja na Plamedi na mtoto mchanga aliyelala mapajani mwake. Domitille alikaa kiti cha mbele.

Picha ilikuwa safi. Kanisa, mchungaji, uso ulionuna, meza, vidole vya Domitille begani. "Uliona?" Domitille alisema kwa fahari. "Haukucheka hata mara moja." Kisha picha ikashuka chini ya meza, na kioo kikajaa mistari na theluji nyeupe. Kitu kiliendelea kutikisika nyuma ya ile mistari, lakini hata mimi niliyejua sikuweza kuona ni nini. Kinanda kilisikika kwa mbali. Halafu mistari ikaisha, wageni wakaonekana wanakula, safi tena.

Félicien alielewa kabla yetu. Tangu siku ile, kule Bambu, mzee alikuwa amewaomba wairudishe sehemu ile, na tena, na tena, mpaka mashine ikaisugua na kuifuta. Nakala nyingine haikuwepo. Félicien aliinamisha kichwa, na nilimshika mkono.

"Papa," Jemima aliuliza, "hapa kulikuwa nini?"

Geneviève alinitazama. Muzee Laurent aliinama, akavua viatu vyake, akaviweka ubavu. Akavuta kiti chake karibu na meza. Akaufunga uso wake, macho chini, midomo imekaza, mtu wa huzuni kabisa. Na chini ya meza miguu yake mitupu, yenye kucha zilizovunjwa na mawe ya Bambu, ikaanza kucheza: visigino, vidole, kulia, kushoto. Mguu mmoja ukatambaa ukapanda juu ya kiatu cha Plamedi.

Plamedi hakusogeza mguu wake. Domitille aliinama kutazama chini ya meza, akabaki ameinama. Na Jemima akacheka, mdomo wazi, mbele ya shangazi yake na mbele yetu sote, mpaka mtoto akaamka.